Bunduki Ndogo ya Ghala la Mbegu

Mwezi uliopita nilikabidhi funguo za ghala la mbegu la ushirika wetu hapa Morotonga. Ninyi wenzangu mnaobaki mkaniomba niandike kidogo juu ya kazi, hasa lile swali ambalo kila mfanyakazi mpya huuliza: bunduki ya upepo ya kupigia panya, inunuliwe ipi? Mimi niliishia darasa la saba. Madaftari yangu nimeyaandika miaka yote bila kufikiri kwamba kuna mtu atayasoma. Mkikuta mahali nimekosea, nirekebisheni. Mkikuta mahali nimejisifu, futeni.

Siku yangu ya kwanza nilivaa buti za mgambo nilizozipaka rangi tangu jana yake. Mtunza ghala alikuwa Mama Bhoke, mama mfupi mwenye sauti ya chini, na yeye ndiye aliyenifundisha karibu kila kitu nilichokijua baadaye.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja kulinda nini?"

"Mbegu, mama."

"Zisiibiwe na nani?"

"Na wezi."

Akaziangalia buti zangu, kisha akanipa ufagio. "Mwizi wa gunia, Marwa, sijamwona miaka mingi. Mwizi wa punje yumo humu ndani sasa hivi, na anakusikiliza."

Nilifagia mpaka saa sita. Baada ya chakula akaniambia nikae juu ya debe lililopinduliwa, nifumbe macho, nioneshe kwa kidole panya alipo. Nilionesha mara tatu na mara zote tatu nilikosea. Mara ya tatu panya alikuwa nyuma yangu. Niliandika usiku wa siku hiyo kwamba kazi hii siiwezi. Bado sina hakika kama niliiweza, ila nilizoea.

Mama Bhoke alinifundisha kupanga magunia juu ya chaga za mbao, mbali na ukuta kwa urefu wa mkono, kwa sababu panya hupenda kutembea akiwa amegusa ukuta. Alinifundisha kwamba mavi ya panya ya leo yanang'aa na ya wiki iliyopita yanavunjika ukiyabonyeza. Mtego ukikaa sehemu moja siku nyingi, panya anauchukulia kama samani. Sumu hatukuitumia. Zamani iliwahi kutumika, panya akaila, paka akamla panya, na tukabaki na panya wengine bila paka. Mama Bhoke alimzika yule paka mwenyewe, na hakutaka mazungumzo.

Sasa nije kwenye bunduki.

Panya walipozidi, kamati ya ushirika ilikubali inunuliwe bunduki ya upepo, kibali kiandikwe kwa jina la ushirika. Kwa kuwa mimi nilipita mgambo, ikadhaniwa kwamba najua bunduki. Na mimi nilidhani hivyo. Nikatumwa dukani pamoja na mwenyekiti. Muuzaji akaweka mbili mezani. Moja ilikuwa ndogo, kitako cha mbao. Nyingine ilikuwa ndefu, nyeusi, ina darubini juu, na bei yake ilikuwa ya ng'ombe mzima.

"Hii ndogo ni ya kuchezea," muuzaji alisema. "Hii kubwa inatoboa ubao."

Mwenyekiti akaniuliza mimi. Nikasema kubwa. Naweza kuandika hapa kwamba nililinganisha, lakini haitakuwa kweli. Nilipenda nitakavyoonekana nimeibeba.

Wiki ileile akaja mama mmoja kutoka Kisaka, jina lake Nyangi, mjane, na gunia moja la ulezi. Mama huyu ndiye aliyenifanya niijue kazi yangu, kwa hiyo naomba nimweleze vizuri. Ulezi wake ulikuwa mwekundu wa kukolea, wa kukomaa mapema, na alipewa na mama mkwe wake. Majirani waliokuwa nao waliuacha zamani. Nyumbani kwake kihenge cha nafaka kilikuwa kimeoza, ndiyo maana akauleta kwetu ukae hadi msimu wa kupanda.

"Huu ndio uliobaki," alituambia. "Hakuna mwingine mahali popote. Ukiisha huu, nitapanda wa dukani kama watu wote, na ugali wake siujui."

Mama Bhoke aliliweka gunia lile safu ya juu, mahali pakavu kuliko pote.

Bunduki kubwa nilianza nayo kwa heshima zote. Ile ni bunduki ya springi: unaukunja mtutu, springi inajibana ndani, unaweka risasi ndogo yenye kiuno kama nyigu, unarudisha mtutu, ukivuta triga springi inaisukuma pistoni na pistoni inausukuma upepo. Hakuna baruti. Mimi nikaishika kama tulivyofundishwa mgambo: kitako ndani kabisa ya bega, mkono wa kushoto umekaba, shavu limegandamana. Nikakosa. Nikakaza zaidi. Nikakosa zaidi. Mgambo hawakunifundisha vibaya, wao walinifundisha silaha nyingine. Kosa lilikuwa langu, la kudhani kwamba kila chenye mtutu kinashikwa namna moja. Na humu ghalani karibu wote tumepita mgambo, kwa hiyo sote tulikosa kwa namna ileile, na tukakubaliana kwamba panya ndio wana kasi.

Mlinzi mwenzangu Mwita alikuwa anakaa kwenye mlango akihesabu. "Mura," aliniita, ndivyo tunavyoitana sisi vijana wa Kikurya hata tukizeeka, "huyo umempita kwa hatua ngapi? Mwache apumzike, amecheka sana."

Panya wengi walikuwa wanapita juu ya kenchi, zile mbao zinazobeba paa, kwa hiyo nilikuwa nalenga juu. Na bati la ghala letu lilikuwa jembamba, tena la zamani, lenye kutu. Mnaona tunakoelekea. Mimi sikuona.

Mvua kubwa isiyo ya msimu ilinyesha mchana. Siku ya tatu, tulipofungua ghala tena, Mama Bhoke aliingia, akasimama katikati ya ghala, akainua uso. Bati lilikuwa na vitundu vinne, vya mviringo kabisa, na mwanga ulipita humo kama nyuzi. Chini ya viwili kati ya hivyo lilikuwepo gunia la Nyangi, safu ya juu, mahali pakavu kuliko pote. Nilipoingiza mkono nilikuta joto. Ulezi ulikuwa umeanza kuota ndani ya gunia.

Mwita alinivuta pembeni. "Misumari ya bati imezeeka. Nani atajua?"

Nilikaa na neno hilo kidogo, na nasema hivyo ili msidhani nilikuwa mtakatifu. Ilikuwa dakika nyingi. Kilichonitoa ni kwamba Mama Bhoke hakuuliza kitu. Aliendelea tu kumimina ulezi juu ya turubai, akitenga ulioota na ambao haujaota, bila kunitazama.

"Mama, ni mimi," nikasema. "Ni ile bunduki."

"Najua. Bati linatobolewa kutokea ndani, chuma kinapinda kwenda nje. Shika upande huu wa turubai."

Kwa haki, tundu moja laweza kuwa la Mwita, kwa sababu na yeye alijaribu mara mbili. Lakini aliyeichagua bunduki ni mimi.

Tulimtumia Nyangi ujumbe, akaja. Nilimweleza mwenyewe nikiwa nimesimama. Alisikiliza hadi mwisho, akachota ulezi uliokauka kwenye turubai, akaunusa.

"Umebaki kiasi gani?"

"Nusu, mama. Pengine pungufu kidogo."

"Mmeunywesha maji. Sasa hii nusu mnataka muwalishe panya?"

Alitaka kuubeba, lakini nyumbani kwake palikuwa bado hapafai, na panya wa kwake aliwajua kwa tabia zao. Msimu wa kupanda ulikuwa bado wiki sita. Mwisho alilifunga gunia kwa mikono yake, fundo juu ya fundo.

"Nitarudi ardhi ikilowa," akasema. "Nikute hii hii. Sitaki mniambie habari nyingine ya ajabu."

Mabati tuliyaziba kwa lami. Bunduki kubwa Mama Bhoke aliifungia kabatini na hakusema lolote la kuniaibisha, jambo ambalo liliniaibisha zaidi. Lakini usiku ule hata mtu aliyelala nje angesikia panya walivyokuwa wanasherehekea, na asubuhi nilikuta kona ya gunia la Nyangi imeanza kutafunwa. Tundu dogo, la ncha ya kidole. Mitego waliiruka.

"Kuna fundi Tarime," Mama Bhoke aliniambia, "Otieno. Anatengeneza cherehani na bunduki za upepo. Nenda ukamuulize, usinunue. Umesikia? Ukaulize."

Otieno alikuwa mzee mwembamba, leseni yake imening'inia ukutani katikati ya mikanda ya cherehani. Ndugu zake nusu wako ng'ambo ya Sirari, Kenya, na Kiswahili chake kilikuwa kinavuka mpaka kila baada ya sentensi mbili.

"Karibu, omera, ndugu yangu. Cherehani ama upepo?"

"Upepo, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Hebu niambie shida, usiniambie bunduki."

Nikamweleza yote, panya, kenchi, bati, ulezi. Nilipofika kwenye darubini alicheka hadi akavua miwani.

"Hatua kumi, darubini ya nini? Unataka kuhesabu ndevu zake? Na huyo mkubwa wako, springi yake ni kali sana. Ukivuta, inaruka nyuma, halafu inaruka mbele, yote kabla risasi haijatoka. Wewe nawe umeikaba koo. Itakubali aje?"

Akatoa chini ya kaunta bunduki fupi, mbao imechubuka, rangi ya mtutu imefifia. Ilikuwa ya mtu mmoja wa Kewanja aliyeirudisha na karatasi zake zote ili auziwe kubwa, akisema hii haina nguvu. Bei yake ilikuwa kama ya mbuzi wawili, na mmoja awe mdogo.

Nilimwambia sikuja kununua. "Vizuri," akasema, "basi utasikia vizuri."

Alinikalisha kama mwanafunzi. Kwanza akanipa niutikise mtutu ukiwa umefungwa, kulia na kushoto. Kama unacheza, rudisha, hata ukipewa bure, kwa sababu kila risasi itakwenda inakotaka. Huu haukucheza. Kisha akanikunjisha mtutu polepole karibu na sikio. Springi iliyovunjika inakwaruza, ile nzima inaguna tu kama mtu anayeinuka kitini. Hii iliguna. Akanionesha triga, niivute bila haraka: unatakiwa ujue inapoachia kabla haijaachia. Kuhusu mikwaruzo ya mbao alisema, "Hiyo haigusi risasi. Mbao inayong'aa unalipia mbao."

"Na nguvu, mzee?"

"Nguvu inatosha panya. Haitoshi bati. Si hiyo ndiyo unatafuta?"

Kisha akaifungua. Ndani, mwisho wa pistoni, mlikuwa na washa ya ngozi, kile kiduara cha kuzuia upepo, iliyokauka kama kashata, na hapo ndipo upepo ulikuwa unavuja. Ndiyo sababu yule wa Kewanja aliiona dhaifu. Otieno alikata nyingine kutoka kwenye kipande cha ngozi ya ng'ombe, akailoweka kwenye mafuta yake ya silikoni, akaipachika. Kazi yote ilichukua muda wa chai mbili. Bunduki za bei ndogo zenye washa ya ngozi, alisema, watu wanazitupa kwa ugonjwa wa kipande kile, na sisi Wakurya tunalala juu ya ngozi.

Halafu akanitoa uani, kwenye ubao na ukuta wa udongo nyuma yake, akanipa. Nikakaza bega.

"Wee! Unapigana na nani? Ilaze kwenye kiganja. Iache iruke. Ushawahi kubeba mtoto amelala?"

"Ndiyo."

"Ulimkaba?"

Nikailaza kwenye kiganja, bega likagusa tu. Risasi tano zikaingia kwenye eneo ambalo kifuniko cha soda kingelifunika. Nilijiona mjinga na nikafurahi, vyote pamoja, sijui kama mnaelewa.

Nilimpigia Mama Bhoke simu. Akauliza, "Inatoboa bati?"

Otieno aliegemeza kipande cha bati kuukuu ukutani, akanipeleka umbali wa kenchi yetu, akaniambia nipige. Likabonyea, halikutoboka.

"Haitoboi, mama."

"Basi inunue."

Kubadilisha jina kwenye kibali kulichukua siku nyingi kuliko safari nzima, na hivyo ndivyo inavyotakiwa iwe. Mkiambiwa kuna ya rahisi zaidi ng'ambo bila karatasi, hiyo si rahisi.

Niliporudi, Mwita aliiangalia akauliza kama kubwa imezaa. Nilimpa ajaribu. Alikaza, akakosa, na nilimwacha akose mara nne kabla ya kumwambia habari ya mtoto. Hilo halikuwa la kiungwana.

Makosa hayakuisha. Nilikuwa nimepewa washa moja ya akiba, na mimi kwa akili yangu nikaipaka samli ili ilainike, nikaiacha rafuni. Panya akaila. Yote. Ngozi na samli, sijui nilitegemea nini. Tangu hapo akiba inakaa kwenye kopo lenye kifuniko, kavu.

Tuliweka utaratibu ambao mnaujua: ubao mnene nyuma ya kila njia ya panya, hakuna kupiga kuelekea gunia, hakuna kupiga bila risasi ndani kwa sababu pistoni inajigonga, mkono haugusi triga mtutu ukiwa umekunjwa. Jioni kabla jua halijazama, milango ikiwa wazi, mmoja anakaa kwenye debe na mwenzake anasimama nyuma. Na ukweli mwingine: bunduki haikumaliza panya. Mitego iliua wengi kuliko mimi. Atakayewaambia bunduki peke yake inatosha ghala, anauza bunduki.

Lakini yule wa gunia la Nyangi mitego haikumpata. Alikuwa mkubwa, mkia umekatika nusu, na alikuwa anashuka kwenye nguzo moja tu, anasimama, anasikiliza, ndipo anaruka kwenye gunia. Kila jioni tundu la kona lilikuwa linapanuka, nami nalishona kwa sindano ya magunia, naye anafungua. Wiki ya nne nilikuwa na hofu ya kweli. Nilijiona nikisimama tena mbele ya yule mama na habari nyingine ya ajabu.

Jioni moja nilikaa, nikafumba macho kama siku ya kwanza, nikasikia kucha kwenye nguzo. Nikafumbua. Alikuwa amesimama, ubao uko nyuma yake, hatua nane. Bunduki ilikuwa imelala kwenye kiganja. Sikumbuki kuvuta. Nakumbuka sauti, ndogo, kama mtu kagonga meza kwa kidole, na panya akaanguka chini.

Mwita alimwinua kwa mkia mfupi. "Mura," akasema, akampeleka nje kumtupa.

Nyangi alikuja ardhi ilipolowa, kama alivyosema. Hakukaa kwanza. Alifungua mafundo yake, akaingiza mkono hadi kiwiko, akachota ulezi, akaunusa. Mama Bhoke alikuwa ameshatandaza punje zilizodondoka kutoka tundu la kona juu ya kitambaa kibichi siku kadhaa kabla, akamletea aone: zilikuwa zimeota karibu zote, vimizizi vyeupe, vyembamba. Nyangi aliinama juu ya kitambaa kile muda mrefu.

"Aliyetafuna kona hii mlimpigia nini?" akauliza baadaye.

Nikamwonesha.

"Kadogo hivi?"

"Ndiyo, mama."

"Niletee shambani ulezi ukikomaa, njiwa wananisumbua."

Nikamwambia ukweli, kwamba shamba si ghala, kundi la ndege halijali bunduki ya upepo, atapoteza risasi na siku. Kelele na watu ndivyo vinavyosaidia. Alinitazama kama anayepima kitu.

"Leo umesema vizuri," akasema. "Basi njoo wewe. Kelele unazo?"

Nilikwenda Kisaka mara mbili msimu ule. Mara ya kwanza kupiga makopo, na njiwa walinizoea upesi. Mara ya pili kuvuna. Shamba lake halikuwa kubwa, nusu ya lile la miaka yote, lakini lilisimama lote, jekundu, masuke yamekunja vidole. Alinipa kisu kidogo, akanionesha pa kukatia, akanirekebisha mara nyingi kuliko Mama Bhoke. Wake wa majirani wawili walikuwa wamekuja kusaidia, na kila mmoja alikuwa ameshaomba mbegu kabla hatujafika katikati.

Jioni, tulipomaliza kupura masuke yaliyokauka, aligawa mavuno juu ya ngozi. Fungu la majirani, fungu la kurudi Morotonga ghalani, fungu la nyumbani. La nyumbani alilibeba yeye mwenyewe akaenda nalo jikoni, na baada ya muda nikasikia jiwe la kusagia.

"Marwa!" aliita kutoka ndani. "Nawa mikono. Huu ndio ugali wenyewe."